Eksirei ilikuwa safi, mbona kidonda cha jicho chatoa usaha?

Swali: Assalaam aleikum daktari. Mume wangu ni fundi wa kuezeka makuti huku Likoni. Wiki sita zilizopita aliteleza kwenye ngazi, ncha ya ufito ikamchoma chini ya nyusi ya jicho la kushoto. Zahanati walimshona nyuzi tatu, wakampiga eksirei, wakasema hakuna kitu. Kidonda kilifunga, kisha kikafumuka na sasa chatoa usaha. Akimeza antibaiotiki hukauka. Dozi ikiisha, usaha unarudi. Tangu juzi akitazama juu anaona vitu viwili viwili. Binamu yake wa Changamwe ana kichuma ndani ya tundu la jicho, huu mwaka wa nane, na madaktari walikiacha. Je, mume wangu ana kitu ndani? Na kama kipo, si kiachwe vilevile?

Jibu: Wa aleikum salaam dada, mpe pole mgonjwa. Kwa maelezo yako, mimi ningemhesabu ana kibanzi cha mti ndani mpaka ithibitike kwamba hana. Usaha unaokauka kwa dawa na kurudi dawa ikiisha, tena palepale penye mshono, mara nyingi una kitu kinachoulisha.

Watu hushangaa mti unavyoweza kujificha hapo. Tundu la jicho, ule mfupa uliolizunguka jicho, lina nafasi ya takriban mililita 30. Jicho lenyewe halifiki hata robo yake vizuri, kama mililita 7 hivi. Palipobaki pana mafuta, misuli, mishipa ya damu na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kijiti kikipita juu ya jicho hulisukuma kando, kikazama kwenye mafuta, na nje kikaacha kidonda cha nusu sentimita. Aliyemshona huenda aliona mchubuko tu, simlaumu sana. Ila eksirei hainitulizi hata kidogo. Chuma inakionyesha vizuri, lakini mti mara nyingi hauonekani kabisa.

Picha anayohitaji ni CT ya matundu ya macho, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani kipande kwa kipande, yenye vipande vyembamba vya milimita 1 hivi, isomwe kwa vipande vya kulala na kwa vipande vya kusimama. Na kwenye fomu paandikwe wazi: *alichomwa na ufito*. Neno hilo lina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Mti mkavu kwenye CT hutoka mweusi kama hewa, na msomaji asiyejua habari ya ufito atasema ni kipovu cha hewa kilichoingia na jeraha, akafunga faili. Mimi hutazama umbo. Hewa huenda mviringo au hutawanyika ovyo. Weusi wenye kingo mbili zilizonyooka sambamba, kama kalamu iliyolazwa, huo ni mti. Lakini wiki sita si siku mbili. Mti ukishalowa majimaji ya mwilini, rangi yake hupanda na kufanana na nyama, na hapo ndipo hata jicho zoefu hupitwa. CT ikiwa na shaka, MRI, picha ya mashine ya sumaku, husaidia, ila si kabla ya kuhakikisha hakuna chuma, maana sumaku ya mashine ile yaweza kukivuta. Fundi anayeshinda na misumari hawezi kuanza na MRI.

Kama ule ufito bado upo, nenda nao hospitali. Ncha iliyokatika hutuambia unene wa tunachokitafuta, na wakati mwingine urefu wake.

Daktari wa macho atampima pia uwezo wa kuona, kila jicho peke yake, atamwambia afuate kidole juu, chini na pembeni, na atapitisha tochi jicho hadi jicho kutazama mboni zinavyosinyaa. Mboni ya kushoto ikilegea, mshipa wa kuonea umeguswa, na hapo hatungoji wiki ijayo.

Sasa kuhusu kuacha: mti hauachwi. Una vinyweleo vinavyobeba bakteria na kuvu, na antibaiotiki haiupenyi ikausafisha. Hutolewa kwa upasuaji, mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi. Daktari hufuata njia ya kidonda polepole, kwa kuwa mti uliolowa humeguka ukivutwa, na kipande kidogo kikibaki, usaha hurudi na mnaanza upya. Usaha na kibanzi vipelekwe maabara, vitafutwe na kuvu pia. Kama hakuchanjwa pepopunda siku ile, aulizie leo. Kuona viwili huweza kupungua uvimbe ukiisha, ingawa msuli ukiwa umekatika ni habari nyingine, na hilo husubiriwa kwa miezi kabla ya kuamua.

Nyumbani usimkamue usaha, wala usichokoe kidonda. Maziwa ya mama na asali viache jikoni. Na kama ataumwa kichwa sana, homa, kutapika, shingo kukakamaa au usingizi usio wa kawaida, vukeni feri mwende hospitali usiku huohuo. Dari ya tundu la jicho ni mfupa mwembamba, juu yake ni ubongo, na ufito uliochoma chini ya nyusi huelekea hukohuko.

Binamu yake ni kesi tofauti. Chuma cha pua, kioo au plastiki kikizama nyuma ya jicho bila kuleta usaha wala kubana mshipa, kukichimbua kwaweza kudhuru kuliko kukiacha. Shaba tungeitoa, kwa sababu huchochea uvimbe mkali. Na chuma kilichoingia *ndani ya jicho lenyewe* kingetolewa pia, maana kutu yake huua sehemu inayopokea mwanga. Yeye aendelee na kazi yake, ila siku yoyote akiandikiwa MRI, hata ya goti, aseme kwanza kwamba ana chuma usoni.