Mtoto anachanganya sarafu ya mia mbili na jero (mia tano), mi nilianza na wanyama

Dada uliyeuliza kuhusu mwanao wa miaka sita, ukimtuma dukani chenji inarudi pungufu na wala hajui kama imepungua, pole sana ila usimchape jamani. Mi nina genge la nyanya na vitunguu hapa Uyole, Mbeya, binti yangu alikuwa hivohivo na nilikuwa namgombeza kila siku, mpaka jioni moja nikamwekea mkono huu mia mia ziko tano na mkono huu jero moja nikamuuliza wapi kuna hela nyingi, akaonesha kwenye zile tano. Ndo nikaelewa kumbe anahesabu vipande, thamani hajaijua bado. Iliniuma kweli, nimemgombeza bure.

Kwenye kuzitambua usitumie sura ya mtu maana mia mbili na jero zote zina Mzee Karume. Geuza upande wa pili, mia ina swala, mia mbili simba, jero ina nyati, hamsini faru. Wangu alizishika siku mbili tu, mpaka leo anasema mama nipe simba nikanunue andazi.

Kujumlisha sasa. Kama anaweza kuhesabu mpaka kumi basi kazi imeisha nusu, kiswahili chetu kimetusaidia sana hapo, panga swala kumi mkekani aguse mmoja mmoja, mia moja, mia mbili, mia tatu, akifika mia kumi mwambie hiyo ndo buku. Alafu mnabadilishana, akikupa swala wawili unampa simba, swala watano unampa nyati, na hela iwe ya kweli, vifuniko vya soda havina uzito ule na mtoto anajua unamdanganya. Hapa tulikaa wiki kama tatu, usiwe na haraka.

Zikichanganyika aanze na kubwa. Nyati, mia tano. Simba anamgonga mara mbili, mia sita, mia saba. Swala mara moja, mia nane. Wangu alikuwa anasahau kumgonga simba mara ya pili, nikawa namshika kidole tunagonga wote.

Chenji usimfundishe kutoa, mfundishe kupanda. Fungu la nyanya mia tatu, mteja katoa jero, anaanzia mia tatu anakunja vidole, mia nne, mia tano, vidole viwili basi chenji mia mbili. Siku hizi nikienda soko la Mwanjelwa kufata mzigo namwachia genge na bibi yake, hela inakaa sawa.

Hamsini iache mwisho kabisa, inamchanganya, akishaiva mwambie faru wawili ni swala mmoja. Na kama ana mdogo wake anayetambaa okota zote mkimaliza, wanameza hizi.