Nikihamia Uingereza, nitaendelea kuandika dawa?

Swali: Shikamoo dokta. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya wilayani Rungwe. Kwa miaka 6 nahudumia miguu ya wagonjwa wa kisukari: nasafisha vidonda, naandika dawa. Nataka kwenda Uingereza kufanya kazi hiyo hiyo. Ruhusa yangu ya kuandika dawa nitahama nayo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hutahama nayo, na ni heri ulijue hilo kabla hujauza shamba la chai.

Hapa unaandika dawa kwa sababu sheria yetu inamruhusu tabibu. Kule, matabibu wa miguu huitwa wapodiatria, na jina hilo linalindwa kisheria: asiyesajiliwa na Health and Care Professions Council (HCPC), baraza la huko linalosajili wataalamu wa afya kama hao, haruhusiwi kujiita hivyo. Cheti chako cha utabibu hakikuingizi kwenye daftari hilo. Inatakiwa shahada ya podiatria, kwa kawaida miaka 3 England na 4 Scotland.

Wengi huteleza hapa: hata shahada yenyewe haikupi kalamu ya kuandika dawa. Mpodiatria akishawekewa alama ya ruhusa kwenye daftari la HCPC, anaweza kuchoma ganzi na kutoa dawa chache zilizoorodheshwa, mfano amoksisilini na flukloksasilini. Kuandika dawa kwa uamuzi wake mwenyewe kuliruhusiwa mwaka 2013 tu, na anayetaka husoma kozi nyingine iliyoidhinishwa, akisimamiwa na mwandikaji mzoefu, kisha huwekewa alama nyingine. Hata huyo, kwenye dawa zinazodhibitiwa, yaani zile zinazoweza kuleta uraibu, ana nne tu, tena za kumeza: diazepamu, lorazepamu, temazepamu na dihidrokodeini.

Naye pia hahami na ruhusa yake: akihamia Australia, anaomba idhini upya kwa bodi ya huko.

Usidhani miaka yako 6 imepotea. Juni na Julai, baridi ya Rungwe ikikaza, wagonjwa waliokufa ganzi miguuni huota moto wakaungua bila kuhisi. Wewe umewatibu hao kwa mikono yako, na ujuzi huo nauheshimu sana. Uandike wazi kwenye maombi ya chuo, na mganga mfawidhi akupe barua inayoeleza kazi ulizofanya.

Wakala akikuambia atakubadilishia leseni kwa malipo, usimpe hata shilingi. Waandikie HCPC mwenyewe. Na leseni yako ya hapa usiache kuihuisha, maana ukirudi ndiyo itakayokuruhusu kushika kalamu tena.