Previn mbele ya Eric na Ernie

Umeuliza kichekesho bora cha Eric Morecambe na Ernie Wise, wachekeshaji wawili wa Uingereza. Kwangu ni kile cha Krismasi ya 1971, BBC, walipomwalika André Previn, ambaye wakati huo alikuwa kondakta mkuu wa okestra ya London Symphony Orchestra. Eric anakaa kwenye piano kupiga konseto ya piano ya mtunzi Grieg, anaharibu kila kitu, na akikosolewa anamkunja Previn koti na kumwambia noti anazopiga ni zilezile, ila mpangilio ndio si lazima uwe sahihi. Na jinsi Previn anavyobaki na uso mkavu! Mwanamuziki wa hadhi ile, huku Eric anamwita "Preview" bila haya. Nadhani nusu ya utamu ni Previn.

Cha kifungua kinywa cha 1976 nacho si haba, wanavyokata balungi na kuvuta soseji kwenye friji kwa mdundo wa muziki.

Halafu watu humsahau Ernie. Bila yeye kusimama pale na umakini wake wote, Eric angekuwa anamtania nani? Eddie Braben, mwandishi wao, alilijua hilo vizuri.