Maswali ya wasomaji: Nani anaamua nini katika kaunti za Texas?

Barua nyingi tulizopokea kuhusu Marekani zimeandikwa na wasomaji wanaoishi Texas, na karibu zote zina kilio kimoja: mtu ana shida ya haki, anaingia katika jengo la kaunti, anaelekezwa dirisha hili, kisha lile, na mwisho anaambiwa kwamba jambo lake haliko mikononi mwa yeyote aliyemwona. Tumechagua maswali matano. Majibu yanahusu Texas peke yake, kwa sababu kila jimbo lina utaratibu wake. Connecticut ilikwisha kuzifuta serikali za kaunti tangu mwaka 1960, kwa hiyo yanayosemwa hapa hayawezi kuhamishiwa huko.

Swali: Ninaishi Dallas. Katika taarifa za habari namsikia Jaji wa Kaunti akizungumzia bajeti, barabara na maafa, lakini sijawahi kusikia akihukumu kesi. Huyu ni jaji wa namna gani?

Jibu: Huyo ni mwenyekiti wa Mahakama ya Makamishna, chombo ambacho hakisikilizi kesi bali ndicho kinachoiongoza kaunti. Wajumbe wake ni watano: jaji wa kaunti, ambaye huchaguliwa na wapiga kura wa kaunti nzima, na makamishna wanne ambao kila mmoja huchaguliwa na wakazi wa kata yake. Kipindi chao ni miaka minne, na makamishna wawili huchaguliwa katika mwaka wa uchaguzi wa rais na wawili katika mwaka wa uchaguzi wa gavana, ili wote wasiondoke kwa mkupuo mmoja. Jaji ana kura moja tu kama kamishna yeyote, wala hana uwezo wa kulitangua azimio lililopitishwa na wenzake. Nguvu yake ya pekee hujitokeza wakati wa maafa, kwa kuwa sheria ya jimbo inamfanya msimamizi mkuu wa shughuli za dharura katika kaunti, naye anaweza hata kuamuru watu wahame makazi yao kabla ya kimbunga kufika.

Katiba haimtaki awe mwanasheria. Inamtaka tu awe mtu anayeifahamu vyema sheria ya jimbo. Katika kaunti ndogo yeye husikiliza pia mashauri ya mirathi na makosa madogo ya jinai, lakini katika kaunti kubwa kama Dallas kazi hiyo imekabidhiwa mahakama nyingine zilizoundwa na bunge la jimbo, na ndiyo maana hujamsikia akihukumu.

Ukipata nafasi, hudhuria kikao chao, kwa maana milango iko wazi na mwananchi ana haki ya kuzungumza juu ya jambo lililomo katika ajenda kabla halijaamuliwa. Utawakuta wakipitisha mkataba wa chakula cha mahabusu, ununuzi wa magari ya sherifu, ukarabati wa daraja, malipo ya ankara moja baada ya nyingine. Ni kazi isiyo na mbwembwe, lakini fedha za kaunti hupita hapo.

Wasomaji wa Dallas wangefaa kujua pia kwamba usawa wa kata hizo nne haukuwepo siku zote. Katika kaunti ya Midland, magharibi mwa jimbo, makadirio ya mwaka 1963 yalionyesha kwamba kata moja, ambayo ilibeba karibu mji wote, ilikuwa na watu 67,906, ilhali tatu za mashambani zilikuwa na watu 852, 828 na 414. Kila kata ilikuwa na kamishna mmoja, kwa hiyo watu wasiozidi 2,100 walikuwa na viti vitatu kati ya vinne. Mkazi mmoja wa mji alifungua kesi, na mwaka 1968 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kata za makamishna ni lazima zilingane kwa idadi ya watu. Tangu hapo mipaka hupitiwa upya kila baada ya sensa.

Swali: Kwa nini Texas ina kaunti nyingi kiasi hicho?

Jibu: Ziko 254, na hakuna jimbo jingine la Marekani lenye nyingi kama hizo. Jamhuri ya Texas ilipoanza mwaka 1836 zilikuwa 23, zilizotokana na manispaa za enzi ya Meksiko. Ziliongezeka kadiri wakulima na wafugaji walivyosogea magharibi, kwani mwenye shamba alihitaji kulifikia jengo la mahakama kwa farasi ili kusajili hati ya ardhi. Siku hizi tofauti kati ya kaunti na kaunti ni ya kushangaza: katika sensa ya mwaka 2020 kaunti ya Harris, uliko mji wa Houston, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 4.7, na kaunti ya Loving ilikuwa na watu 64. Zote mbili zina jaji wa kaunti, makamishna wanne na sherifu.

Swali: Ndugu yangu aliteswa na ucheleweshaji katika gereza la kaunti. Nilikwenda kumlalamikia kamishna wa kata yetu, akaniambia hawezi kumwamuru sherifu. Je, ananikwepa? Mkubwa wa sherifu ni nani?

Jibu: Pole kwa yaliyompata ndugu yako. Kamishna amekueleza kweli, ingawa angeweza kukueleza zaidi. Sherifu, anayesimamia gereza la kaunti na ulinzi wa maeneo yaliyo nje ya miji, huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, na kisheria mkubwa wake ni mpiga kura. Ndivyo ilivyo pia kwa karani wa kaunti, anayetunza hati za ardhi na kutoa leseni za ndoa; karani wa mahakama za wilaya; mtoza kodi; mweka hazina; mwanasheria wa kaunti; makonstebo, ambao hupeleka hati za mahakama; na majaji wa amani, ambao husikiliza madai yasiyozidi dola 20,000 na kesi za kuwatoa wapangaji katika nyumba. Hakuna kati yao aliyeajiriwa na makamishna, na hakuna wanayeweza kumfukuza.

Mpango huu ulifanywa makusudi. Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, gavana Edmund J. Davis, aliyeongoza kuanzia mwaka 1870 hadi 1874, alipewa uwezo mkubwa wa kuteua maofisa wa ngazi za chini na alikuwa na kikosi cha polisi wa jimbo chini yake. Wapinzani wake waliposhika hatamu waliandika Katiba ya mwaka 1876, ambayo inatumika hadi leo pamoja na marekebisho mengi, na wakayatawanya madaraka ili asiwepo mtu mmoja wa kuyakusanya tena. Vyeo vya kaunti viliandikwa ndani ya katiba hiyo kwa undani kiasi kwamba wananchi wa Galveston walipotaka kufuta cheo cha mweka hazina wa kaunti yao, ilibidi wapiga kura wa jimbo zima waulizwe katika kura ya Novemba 2023 kama katiba ibadilishwe.

Walichobaki nacho makamishna ni mfuko. Wao ndio wanaopanga bajeti ya sherifu, idadi ya askari magereza watakaolipwa na fedha za kutengeneza jengo. Hata hapo hawako huru kabisa, kwa sababu mkaguzi wa hesabu wa kaunti, ambaye huteuliwa na majaji wa wilaya na si na wao, anaweza kuyazuia malipo yasiyofuata sheria. Kwa hiyo malalamiko yako yana njia tatu: ofisi ya sherifu yenyewe, tume ya jimbo inayoweka viwango vya magereza na kuyakagua, na kikao cha makamishna wakati wa bajeti, ambako unaweza kusema kwamba ucheleweshaji umetokana na uhaba wa watumishi, ikiwa ndivyo. Mimi ningezitumia zote tatu, na kwa maandishi.

Swali: Nimenunua nyumba Houston na nimeletewa ankara ya kodi ndefu yenye mistari mingi. Kaunti inanitoza mara ngapi?

Jibu: Kaunti yenyewe inakutoza mara moja, lakini ankara inakusanya madai ya mamlaka kadhaa. Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, ndiyo maana kodi ya majengo na ardhi ni nzito. Tazama mistari hiyo taratibu. Katika kaunti ya Harris utaona kaunti, kisha mamlaka ya kudhibiti mafuriko, bandari na hospitali za umma, na hizo zote viwango vyake huamuliwa na makamishna walewale. Mji na wilaya ya shule ni serikali nyingine zenye mabaraza yao, na mara nyingi sehemu kubwa ya fedha yako inakwenda shuleni. Anayepokea malipo ya kaunti ni mtoza kodi, lakini yeye si mpangaji wa kiwango wala mthamini wa nyumba yako.

Thamani ya nyumba huwekwa na chombo kingine, wilaya ya uthamini, kwa kuangalia hali ya soko ilivyo tarehe 1 Januari. Huku ndiko wengi wanakopotea: wanamfokea mtoza kodi mwezi Januari kuhusu thamani iliyopangwa miezi mingi nyuma. Pingamizi la thamani hupelekwa kwa bodi ya mapitio kabla ya tarehe 15 Mei, au ndani ya siku 30 baada ya kuletewa taarifa, ikitegemea ipi inakuja baadaye. Kama unaishi katika nyumba hiyo mwenyewe, omba msamaha wa makazi ya kudumu, ambao ni haki na hutolewa bila malipo. Kiwango cha kodi nacho hujadiliwa hadharani, na tangu sheria ya mwaka 2019 kaunti ikitaka kukusanya zaidi ya ongezeko la asilimia 3.5 kutoka kwenye mali zilizokuwepo mwaka uliotangulia, kwa kawaida ni lazima iwaulize wapiga kura. Mikopo ya miradi mikubwa pia mara nyingi hupigiwa kura. Mwezi Agosti 2018, mwaka mmoja baada ya kimbunga Harvey, wapiga kura wa Harris waliidhinisha dola bilioni 2.5 za kupambana na mafuriko, na unailipia sehemu yake katika mstari wa mafuriko.

Lipa kabla ya Januari kwisha. Kuanzia tarehe 1 Februari deni huongezewa asilimia 7 ya adhabu na riba kwa pamoja, na huendelea kupanda.

Swali: Tunaishi nje ya mpaka wa mji, karibu na San Antonio. Jirani amegeuza kiwanja chake kuwa karakana ya malori, na kaunti inasema haiwezi kumzuia. Inawezekanaje serikali ikakosa uwezo huo?

Jibu: Inawezekana kwa sababu kaunti ya Texas si serikali yenye mamlaka yake; ni mkono wa jimbo, na inaweza kufanya yale tu ambayo katiba au sheria ya bunge imeyaruhusu waziwazi. Mji mkubwa una hati yake ya kujitawala na unaweza kutunga sheria ndogondogo za matumizi ya ardhi. Kaunti kwa kawaida haiwezi. Inaidhinisha ugawaji wa viwanja, inakagua mashimo ya maji taka, inatoa vibali vya ujenzi katika maeneo ya mafuriko na kushughulikia kero za afya kama takataka na maji machafu, lakini haina neno juu ya kama kiwanja kitakuwa nyumba au karakana.

Gharama ya udhaifu huo ilionekana kwa uchungu katika ukanda wa mpaka wa Meksiko. Kwa miaka mingi wenye mashamba waliyakata vipande na kuwauzia maskini kwa malipo ya kila mwezi, bila mabomba ya maji wala mfumo wa maji taka, na kwa mikataba iliyomwacha muuzaji na hati mpaka senti ya mwisho ilipwe. Mnunuzi aliyekosa malipo kidogo tu angeweza kupoteza kila kitu. Kaunti zilitazama vitongoji hivyo vikikua huku zikikosa meno ya kuwabana wauzaji, hadi sheria kali ilipokuja mwaka 1995 na kudai huduma za maji zipangwe kabla viwanja vya makazi katika ukanda huo havijauzwa. Kwa maoni yangu hilo linatosha kuonyesha kwamba hofu ya mwaka 1876 imepitwa na mazingira. Katika kaunti ya Harris peke yake watu takribani milioni mbili wanaishi nje ya mji wowote, na kwao kaunti ndiyo serikali ya karibu kuliko zote. Inafaa ipewe uwezo unaolingana na wajibu huo.

Jimbo, hata hivyo, limekuwa likielekea upande mwingine. Mwaka 2020 gavana Greg Abbott alizitangua amri za baadhi ya kaunti kuhusu barakoa, na mwaka 2023 bunge lilifuta ofisi ya msimamizi wa uchaguzi kwa kaunti zenye watu zaidi ya milioni 3.5, sharti lililoihusu Harris peke yake.

Kuhusu jirani yako, anza kwa kuisoma hati ya kiwanja chake katika ofisi ya karani wa kaunti. Viwanja vingi viliuzwa kwa masharti yanayokataza biashara, na masharti hayo hudaiwa mahakamani na wenye viwanja wenzake bila kusubiri ruhusa ya kaunti. Ikiwa mafuta ya malori yanamwagika mtaroni, hilo ni kosa la mazingira chini ya sheria ya jimbo, na hapo kaunti inao uwezo wa kuchukua hatua. Piga picha, andika tarehe, kisha uwasilishe malalamiko.