Tikisa valvu ya PCV kabla hujashusha giaboksi

Wadogo zangu mnaoanza ufundi, gari la zamani likiingia gereji linavuja oili, usikimbilie kulala chini yake. Mimi nilikimbilia.

Ilikuwa Corolla 110, injini ya 5A, ya dereva teksi. Sili ya nyuma ya krenki, ile raba inayozuia oili kutoka kwenye maungio ya injini na giaboksi, inavuja. Nikashusha giaboksi, nikaweka sili mpya, nikamkabidhi. Wiki tatu hazijaisha karudi, oili inadondoka palepale. Nikasema sili ilikuwa feki. Nikanunua nyingine kwa hela yangu, nikashusha giaboksi mara ya pili, bure. Ikavuja tena. Mzee aliyekuwa ananifundisha kazi hakuinama hata kidogo. Alifungua boneti, akachomoa valvu ya PCV (kitundu ambacho injini inatolea gesi zake za ndani) pale juu ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, akaitikisa karibu na sikio langu. Nzima hulia ikitikiswa. Hii kimya. Imegandiana kwa masizi ya oili. Akaenda kwenye mpira wa pili, ule unaotoka kwenye bomba la hewa baada ya filta, akaukuta umelainika na kujikunja. "Injini umeiziba pua na mdomo," akaniambia. "Sasa unataka ipumulie wapi?"

Jambo lenyewe liko hivi. Mafuta yakiungua kwenye silinda, gesi kidogo hupenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini, hata kwa injini nzima kabisa. Gesi hiyo ina mvuke wa maji na wa petroli. Magari ya zamani sana yalikuwa na bomba la kuimwaga barabarani tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 California ikalazimisha magari mapya yawe na mfumo wa kuirudisha injini iichome. Hapo ndipo valvu inapofanya kazi. Ndani ina kipini na springi. Gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyaga mafuta, manifodi (njia ya hewa inayoingia kwenye silinda) inavuta kwa nguvu, kipini kinavutwa na njia inakuwa nyembamba. Ukikanyaga mafuta, mvuto unapungua, springi inakirudisha na njia inapanuka. Mpira wa pili unaingiza hewa safi. Wengi wanaukumbuka wa valvu, huu wanausahau.

Valvu ikiziba, presha inatafuta njia: sili, gasketi ya tapeti kava, wakati mwingine inasukuma hata dipstiki. Ukikuta filta ya hewa imeloa oili, usiibadilishe ukaondoka, uliza imetoka wapi. Valvu ikiganda wazi, au mpira ukipasuka, injini inavuta hewa ya wizi na sailensa inapanda na kushuka. Hapo utamwona mtu anahangaika na plagi siku nzima.

Kupima ni rahisi. Injini iwe imepata moto, iko sailensa. Chomoa valvu, ziba mdomo wake kwa kidole: usikie mvuto. Irudishe, ziba mpira wa hewa safi, fungua mfuniko wa oili, weka karatasi ya daftari juu ya tundu, subiri kama dakika moja. Ikivutwa taratibu, salama. (Zamani tuliweka mfuko wa nailoni, ila tangu ipigwe marufuku Juni 2019 karatasi ndiyo imebaki.) Ikirushwa juu na valvu na mipira yote ni mizima, basi pima kompresheni, yaani presha ya silinda, huenda ringi zimekwisha. Lakini neno "ringi" liwe la mwisho kutoka kinywani mwako, maana mteja akilisikia anawaza kuuza gari.

Kuna mchezo wa hapa Dar unaoniudhi: kutoa thamostati, ile inayozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto, eti nchi ina joto. Injini inachelewa kupata moto wake, na kama gari ni la kutoka Ilala kwenda Kariakoo na kurudi, yale maji ya mvuke wa kwenye gesi hayapati nafasi ya kukauka. Yanachanganyika na oili, yanakuwa matope, na matope yanaanza na kile kitundu cha PCV. Ukiona ute mweupe chini ya mfuniko wa oili usitangaze haraka kwamba gasketi ya hedi imekufa. Angalia maji ya rejeta kwanza, yanapungua? Kisha uliza thamostati ipo.

Wengine wanachomoa mpira na kuuziba kwa bolti, ule mwingine wanauelekeza chini. Kwa vumbi la Kivule hilo ni kuilisha injini mchanga.

Kila unapomwaga oili, chomoa valvu, ikague. Kuiosha kwa klina ya kabureta kunasaidia, ila ikishapoteza mlio wake badilisha, pamoja na raba yake kama imekuwa ngumu. Mpira ununue unaostahimili oili na usiojibana ukivutwa. Wa maji ya bustani haufai, nimeshauona umelala bapa kama ulimi. Na ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani kununua valvu, itikise hapohapo kaunta kabla ya kulipa. Muuzaji atakukodolea macho. Mwache akodoe.