Kola ya Redio au ya Setilaiti kwa Mbwa wa Kuwinda?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina mbwa wawili wa kuwinda wanaofuata harufu, na mara nyingi huvuka bonde hata nisiwasikie tena wakibweka. Muuzaji mmoja ananihimiza ninunue kola za GPS, yaani mikanda ya shingoni inayotambua mahali mbwa alipo kwa setilaiti, akidai kwamba zile za redio zinazotoa mlio tu zimepitwa na wakati. Kasha la kola hizo za GPS limeandikwa kwamba zinafika kilomita 14. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, msikilize nusu. Kola ya GPS hujua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti, lakini setilaiti haikuletei wewe habari hiyo. Kola nyingi za wawindaji huirusha kwa redio hadi kwenye kifaa chenye ramani kilicho mkononi mwako. Kwa hiyo mbwa akiwa nyuma ya kilima, kola za aina zote mbili hukutana na kizuizi kilekile. Zile kilomita 14 hupatikana penye uwazi usio na kizuizi, ilhali mbwa wako hukimbia karibu na ardhi, antena ikigusa vichaka na mwili wake ukimeza sehemu ya mawimbi.

Tofauti kubwa ni betri. Kola ya GPS inayotuma taarifa kila baada ya sekunde chache huchoka kwa siku moja au mbili, hivyo chagua inayokuruhusu kurefusha muda kati ya taarifa na kubadilisha betri ukiwa porini. Kola ya mlio hutumia umeme mdogo sana, na nyingi hudumu kwa miezi. Mbwa aliyepotea tangu juzi hutafutwa kwa hiyo, wakati ramani ya ile nyingine imekwisha kuzimika.

Hata hivyo, kola ya mlio inadai ufundi, kwani hurusha mawimbi ya redio tu, na mlio husikika kwenye kipokezi ulichoshika wewe. Hupanda mahali palipoinuka, ukazungusha antena ya kipokezi hadi mlio uwe na nguvu zaidi, ukaandika uelekeo kwa dira, kisha ukasogea mbali kidogo na kupima tena. Mbwa yuko karibu na mahali mistari miwili inapokatana. Penye magenge, mawimbi hugonga mwamba na kurudi, nawe ukaapa kwamba mbwa yuko upande ambao hajawahi kuukanyaga. Ukikaribia, punguza nguvu ya kipokezi, la sivyo mlio utasikika sawa pande zote.

Kwa hali uliyoieleza, ningenunua ya GPS kwa kila mbwa, na ya mlio kwa yule mwenye tabia ya kwenda mbali zaidi, mradi shingo yake ibebe uzito wa zote mbili bila kuchubuka. Masafa ya mawimbi ya redio nayo yawe yanayoruhusiwa nchini mwako: kola za Marekani hutumia megahezi 151 hadi 154, na baadhi ya nchi haziyaruhusu.

Antena isikatwe hata ikikwama vichakani. Katika megahezi 150 wimbi lina urefu wa mita 2, na antena ya kola mara nyingi hukadiriwa kwa robo yake, yaani takriban sentimita 50. Ukiipunguza, umbali hupungua pia. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu uifunge kola kuizunguka ndoo iliyojaa maji, iwe mfano wa mwili wa mbwa, umpe mwenzako aivushe bondeni akiiweka chini kila baada ya hatua mia, nawe uandike mahali inapopotea.