Dosari za fuwele katika utando wa YBCO: ipi ya kuondoa, ipi ya kuacha

YBCO (yitriamu, bariamu, shaba na oksijeni) ni kipitishi kikuu: ikipoa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani. Utando wake mwembamba hutengenezwa kwa leza inayorusha mada kutoka kwenye shabaha ya YBCO. Ukitoka mzuri, ukinzani wake hufika sifuri karibu na 90 K (kelvini); hilo ndilo joto kikomo lake. Wako ukichelewa hadi 82 K, usikimbilie kulaumu leza. Anza na oksijeni. Fuwele hii huivujisha kirahisi ikiwa ya moto, na kila nafasi tupu kwenye minyororo ya shaba na oksijeni hupunguza chaji zinazobeba mkondo. Pima kwa eksirei: mhimili wa c (kimo cha kipande kimoja kinachojirudia katika fuwele) uwe karibu nanomita 1.168. Ukiwa umerefuka hadi 1.175 au zaidi, rudisha utando tanurini, 450 °C, oksijeni ya angahewa moja, kwa saa moja, kisha uache upoe polepole. Ukibaki mrefu hata baada ya hapo, huenda yitriamu na bariamu zimebadilishana nafasi. Hilo oksijeni hailitibu. Tengeneza utando mwingine kwa joto la juu zaidi.

Joto lenyewe huharibika mahali pasipotazamwa: gundi ya fedha chini ya kipande cha strontiamu titanati ambacho utando huota juu yake. Ikiachwa na kiputo, eneo la juu yake hubaki baridi kuliko kipimajoto kinavyosema, na hapo fuwele huota zikiwa zimelala ubavu. Paka nyembamba, kausha kwenye bamba la moto, ndipo ufunge chemba. Fuwele zilizolala huonekana kwenye eksirei karibu na nyuzi 47.6 (mionzi ya shaba), begani mwa mlima mkubwa wa strontiamu titanati ulio 46.5. Bega hilo hupitwa kirahisi, kwa hiyo chora grafu kwa skeli ya logi.

Mipaka kati ya fuwele ndiyo adui mkubwa. Jozi za elektroni katika YBCO zina upana wa nanomita 1 hadi 2 tu, kwa hiyo hata ufa mwembamba wa mpaka huzikatiza. Fuwele mbili zikipishana kwa zaidi ya nyuzi 3 hadi 5 hivi, mkondo wa juu unaovuka mpaka huo huporomoka, na huporomoka kwa kasi pembe inavyoongezeka. Joto kikomo linaweza kubaki 90 K huku utando haubebi chochote cha maana, ndiyo maana kipimo cha ukinzani peke yake hudanganya.

Ila usitafute fuwele isiyo na doa. Sumaku ikiingia kwenye utando hupita kama nyuzi nyembamba, na mkondo huzisukuma. Zikisogea, ukinzani unarudi. Dosari za upana wa nanomita chache huzishika kama vigingi. Ndiyo sababu watu huchanganya zirkonati ya bariamu kwenye shabaha, asilimia chache tu: huota kama vijiti vilivyosimama wima. Ukizidisha, vijiti huibana fuwele na joto kikomo hushuka.

Kutofautisha mipaka mibaya na uhaba wa vigingi, pima mkondo kikomo (mkondo wa juu kabla ukinzani haujarudi) ndani ya nitrojeni ya kimiminika, 77 K, bila sumaku, kisha kwenye tesla 1. Ukiwa mdogo tangu mwanzo ilhali joto kikomo ni zuri, shuku mipaka. Ukiwa mkubwa bila sumaku, halafu ukaanguka vibaya kwenye tesla 1, vigingi ni vichache. Tumia waya nne, geuza mwelekeo wa mkondo kila mara ili kufuta volti za joto, na usioshe sampuli kwa maji: maji huila YBCO. Tumia asetoni.